Mmea wa Jani Moja: Kulea Streptocarpus Dirishani kwa Kufuata Maisha Yake ya Jabalini

Mmea wangu wa kwanza wa jani moja niliutupa ukiwa na hazina yote juu yake. Ulikuwa Streptocarpus wendlandii: jani moja tu, pana kuliko kiganja changu mara nne, juu kijani iliyokolea yenye vinyweleo, chini zambarau iliyoiva. Ulichanua maua ya buluu kwa wiki nyingi, kisha jani likaanza kukauka kutoka ncha. Nikazidisha maji. Nikauhamisha dirisha. Nikatia mbolea. Haikusaidia kitu. Aliyeniuzia hakuniambia kwamba mmea huu huchanua msimu mmoja, huzaa, kisha hufa, na kwamba kukauka kule ndiko kumaliza kazi. Vile vijiti vya kahawia vilivyosokotana kama kamba, nilivyovikata na kuvitupa pamoja na udongo, ndivyo vilivyobeba mbegu, nyingi kuliko ambazo ningeweza kuzihesabu.

Nilikaa karibu miaka miwili kabla ya kupata mbegu nyingine. Tangu hapo sijakosa mmea huu nyumbani, na sijawahi tena kuugua moyo jani linapokauka. Naandika hapa ninavyoulea, hatua kwa hatua, lakini itabidi univumilie kidogo mwanzoni, kwa sababu usipojua jani hili ni kitu gani, kila utakalolifanya litakuwa la kubahatisha.

Jina Streptocarpus limetoka kwenye Kigiriki, maana yake tunda lililosokotwa. Alilitoa John Lindley, mtaalamu wa mimea Mwingereza, mwaka 1828, miaka kumi baada ya James Bowie, mkusanya mimea wa bustani ya Kew ya Uingereza, kuuona mmea wa kwanza wa ukoo huu katika misitu ya Knysna, Afrika Kusini. Ule wa Bowie una majani mengi yaliyojipanga duara, na kizazi chake ndicho kinachouzwa sana leo. Ndugu yake mwingine ni lile ua dogo la milima ya Usambara, Saintpaulia, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani na Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea huko, akalipa jina mwaka 1893. Kwa zaidi ya karne moja lilihesabiwa peke yake. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza rasmi ndani ya Streptocarpus. Ni Wendland huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye mmea wangu nilioutupa bila kujua.

Sasa, hawa wa jani moja ni kundi la namna yake ndani ya ukoo. Chukua punje ya haragwe ikiota: hufungua majani mawili manene ya mbegu, yale tuliyofundishwa shuleni kuyaita kotiledoni, kisha katikati yake hutoka kichipukizi, shina na majani ya kweli, na yale mawili ya kwanza hunyauka na kuanguka. Katika mmea wetu kichipukizi hicho hakitoki. Majani mawili ya mbegu hufunguka, madogo kuliko kichwa cha pini, yakilingana. Baada ya siku kadhaa moja huanza kulizidi lingine. Dogo hubaki kitone cha kijani kando ya kitako cha jani, hatimaye hupotea. Kubwa haliachi kukua. Jani hilo lenye urefu wa mkono wako ni lile jani la mbegu, na halina shina la kulibeba wala tumba la kulirithi.

Nimelitazama tukio hili kwa kioo cha kukuzia, kila asubuhi, kwa mbegu ishirini nilizozitenga kwenye kisahani. Siku ya kumi na nne zilikuwa zimeota karibu zote, majani mawili mawili, mapacha. Siku ya ishirini na sita miche mitatu ilikuwa na upande mmoja ulionenepa kidogo, hasa chini, pale jani linapokutana na kikonyo, na hapo rangi ilikuwa kijani changa zaidi kuliko kwingine. Kufika siku ya arobaini yote ilikuwa imeshaamua. Mche mmoja nilikuwa nimeukata jani lake kubwa mapema kwa ncha ya wembe, nione. Lile dogo, lililokwisha kusimama, likaanza upya na kushika nafasi. Maana yake mshindi hakupangwa kabla. Yote mawili yana uwezo, na aliyetangulia humzuia mwenzake.

Hiyo rangi changa pale chini ndiyo kiini cha malezi yote. Jani hili hukua kama ukucha: sehemu mpya hutokea shinani, yaani chini kwenye kitako chake, na kusukuma ya zamani mbele. Ncha ndiyo mzee, shina ndilo mtoto. Mizizi yote hutoka pale chini, kwa sababu mzizi wa kwanza wa mbegu hufa mapema. Maua nayo hutoka palepale, mstari mmoja nyuma ya mwingine, kwenye shina la mshipa mkuu. Ukiharibu ncha, umeharibu urembo. Ukiozesha shina, umeua mmea, na hakuna chipukizi litakaloinuka.

Jabalini

Niliwahi kupelekwa kuuona porini, katika msitu karibu na Eshowe, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwao hasa wendlandii. Nilitarajia kutazama chini, kwenye udongo wa msitu. Mwenyeji wangu akaniambia tazama ukutani. Kulikuwa na kijito, na juu yake genge la mwamba lenye kimo cha mtu na nusu, limevaa kuvumwani, ule uoto wa kijani laini kama zulia, na majani yakining'inia juu yake moja moja kama ndimi, ncha zikielekea chini. Nikaingiza vidole nyuma ya jani moja. Mwamba ulikuwa baridi na umelowa, lakini maji hayakutuama mahali popote, yalikuwa yakichuruzika. Mizizi ilishika kuvumwani na udongo mweusi usiofika unene wa kidole gumba. Hakikuwapo chungu kirefu cha udongo mzuri ambacho mimi nilikuwa nimempa yule wa kwanza.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Ardhi ya msitu ilikuwa imejaa majani makavu, na juu yake hapakuwa na mche hata mmoja. Kwenye ukuta wima wa kijito, mahali ambapo majani makavu hayawezi kukaa, miche ilikuwa imetapakaa kama mtu aliyemwaga kijani. Mbegu zake ni vumbi tu, hazina akiba ya chakula. Zikifunikwa, hata na jani moja kavu, zimekwisha. Zinahitaji mwanga, unyevu na mahali pa wazi pa kushika.

Si wote wanaishi hivyo hivyo, na ni vizuri ujue wako anatoka wapi. Streptocarpus grandis, pia wa KwaZulu-Natal, jani lake hukaribia mita moja. Usimpe nafasi ya kikombe. Streptocarpus dunnii wa nyanda za juu za Mpumalanga na Eswatini hukaa kwenye nyufa za miamba iliyo wazi kuliko msitu, jani lake lina manyoya ya kijivu, maua yake mekundu kama tofali na yananing'inia, naye huchavushwa na ndege chozi. Huyo anavumilia mwanga ambao wendlandii ungemuunguza. Kaskazini zaidi wapo wengine, kama solenanthus na goetzei, katika milima ya Malawi na Tanzania. Wengi wa maua ya buluu yenye mrija huko kusini huchavushwa na nzi mwenye mdomo mrefu kama sindano. Kinachowaunganisha ni mwamba au ukingo wa udongo, kivuli cha kiasi, mvua za msimu wa joto, kisha miezi mikavu ya baridi.

Tafadhali usiung'oe porini. Wengine wanaishi katika korongo mbili tatu tu duniani, na mmea unaokufa baada ya kuzaa ukiung'oa kabla hajazaa umeondoa uzao wote. Isitoshe, mkubwa aliyeng'olewa mwambani mara nyingi hafiki mbali. Mbegu za wakulima wa maua haya hupatikana, na mbegu ndiyo njia bora hata hivyo.

Kupanda mbegu

Tumia chombo kifupi chenye mfuniko unaopitisha mwanga. Udongo wangu ni piti (mboji ya kinamasi) au unga wa makumbi ya nazi sehemu mbili kwa sehemu moja ya vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji), uliochekechwa ukawa laini, ukalowekwa kwa maji ya moto na kuachwa upoe kabisa. Maji ya moto hupunguza mayai ya vile visubi vidogo vyeusi ambavyo funza wake hula mizizi ya miche. Bonyeza uso uwe sawa.

Kunja karatasi nyeupe, weka mbegu chache kwenye mkunjo, zigonge kwa ukucha zidondoke. Chukua chache kuliko unavyofikiri. Usifukie. Usimwagilie kwa juu. Udongo ukikauka, weka chombo kwenye maji yapande kutoka chini. Funika, weka mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja, joto la nyuzi 20 hadi 24. Kati ya wiki mbili na tatu utaona vumbi la kijani.

Hapa ndipo subira inapohitajika kweli. Kwa miezi miwili hutaona kitu cha kumwonyesha mgeni. Usihamishe miche mpaka jani kubwa lifike upana wa ukucha wa kidole kidogo, nusu sentimita hadi sentimita moja. Ukihamisha, tumia ncha ya kijiti, beba na udongo wake, na hakikisha shina la jani linakaa juu ya uso, wala si ndani yake. Mfuniko uondoe kidogo kidogo, wiki nzima, siyo kwa siku moja.

Chungu na udongo wa mkubwa

Chungu kiwe kifupi kuliko upana wake. Nimemlea wendlandii mpaka maua katika chungu cha sentimita 12 na mizizi haikujaza. Anayempa chungu kirefu anampa maji yaliyotuama chini ya mizizi, na huko ndiko kuoza kunakoanza. Udongo: sehemu mbili za piti au makumbi, sehemu moja ya mboji ya majani iliyooza vizuri, sehemu moja hadi mbili za pelaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au changarawe nyepesi. Ukiufinya mkononi, uachiapo ubomoke.

Kitu ambacho karibu hakuna anayekifanya, na ambacho nilikichukua moja kwa moja kutoka kwenye lile genge: inua chungu juu ya chungu kingine kilichogeuzwa, na ukipanda mche uinamishe kidogo, upande wa jani uwe chini. Jani likikaa juu ya meza hukua likijisukuma. Hujibana ukingoni mwa chungu, hukunjika, na pale linapokunjika hupasuka na kuoza. Likining'inia, linajibeba lenyewe. Kama ukingo wa chungu ni mkali, upake nta au uuzungushie kipande cha mpira uliopasuliwa, maana ukingo wenye chumvi ya mbolea huunguza jani kwa chini, na hutaona mpaka liwe limekatika.

Maji, mwanga, joto

Subiri uso wa udongo ukauke ukiugusa, na chungu kiwe chepesi ukikiinua, ndipo umwagilie pembeni, mbali na shina la jani, mpaka maji yatoke chini. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Maji yawe na joto la chumba. Ya baridi yakidondoka juu ya jani huacha madoa yasiyofutika. Jani likilegea, usikimbilie maji. Pima chungu kwanza. Kikiwa chepesi, mpe maji, na kesho litasimama. Kikiwa kizito na jani limelegea, mizizi inaoza, na maji zaidi ni kummalizia. Huyo mtoe, kata mizizi ya kahawia, mpande upya katika udongo mkavukavu, mfunike kwa mfuko unaopitisha mwanga, umwache.

Dirisha la mashariki lenye jua la asubuhi linafaa sana. La upande wenye jua kali liwekee pazia jepesi. Nyuzi 15 hadi 24 ndizo anazozipenda. Zikizidi 28 kwa siku nyingi, hasa usiku, atadhoofika na maua yataanguka machanga. Usimnyunyizie maji kwenye jani, vinyweleo huyashika na hapo ukungu hukaa. Sinia ya kokoto zenye maji, chungu kikiwa juu ya kokoto bila kugusa maji, inatosha.

Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili wakati wa kukua. Ukiona vitumba vya kwanza shinani, badili uende kwenye ile yenye potasiamu nyingi. Wasumbufu ni wawili hasa: wadudu weupe kama vipande vya pamba, wanaojificha chini ya jani kando ya mshipa mkuu, wafute kwa pamba yenye spiriti, na thripsi, wadudu wembamba wadogo sana, ambao utawajua kwa vumbi la chavua lililomwagika ndani ya maua kabla ya wakati. Hao ondoa maua yote mara moja, hata kama moyo unauma.

Ncha inapokauka

Siku zikipungua mwanga, au ukichelewa maji, ncha ya jani itageuka njano, kisha kahawia, na kati ya kahawia na kijani utaona mstari uliokatwa kama kwa rula. Usitibu. Mmea unajipunguza kwa hiari: unaacha sehemu ya mzee ili kulinda shina, kama unavyofanya miezi ya ukame kwenye genge. Kata sehemu kavu, acha milimita mbili tatu za kahawia juu ya mstari, usiguse kijani. Punguza maji, acha mbolea. Mwanga ukirudi, jani litasukumwa tena kutoka chini, na ile ncha iliyokatwa itasafiri mbele pamoja nalo.

Tofautisha na kuoza: kuoza hakuna mstari, ni laini, na huanzia shinani au mahali palipokunjika.

Maua, chavua, mbegu

Kutoka kupanda hadi maua hesabu mwaka mmoja hadi miwili. Shina la kwanza la maua hutokea pale chini kabisa, kitumba chenye manyoya, kisha la pili nyuma yake, la tatu. Ua lina stameni (viungo vya kiume) mbili zinazozaa, na vichwa vyake vimeshikana uso kwa uso, ndani kidogo ya koo. Chavua hutoka mapema. Stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, hukomaa siku chache baadaye. Kwa hiyo chukua kijiti cha meno, gusa chavua ya ua lililofunguka leo, ipeleke kwenye stigma ya ua lililofunguka siku tatu nne zilizopita. Maua mawili au matatu yanatosha kabisa. Mengine yaondoe yakinyauka, mmea usijichoshe.

Ua likidondoka, ovari (kifuko cha mbegu) hurefuka kuwa kama sindano ya kijani, na ndani ya wiki utaiona ikianza kujisokota. Itachukua miezi miwili hivi au zaidi. Usiikate ikiwa kijani. Inapogeuka kahawia, ivishe bahasha ndogo ya karatasi, kwani ikikauka hufunguka kwenye misokoto yake na mbegu hutoka kama moshi. Nilipofungua ya kwanza niliyoilea mwenyewe niliishika juu ya karatasi nyeupe, nikaigeuza kinyume cha msokoto wake kwa vidole viwili. Haikutoa sauti. Karatasi ilibadilika rangi tu.

Jani lako sasa litaanza kukauka, na safari hii hakutakuwa na mstari safi wa kusimamia. Mara nyingine wendlandii hutoa jani dogo la pili kabla ya kwisha. Likitokea, lipokee, lakini usilitegemee. Endelea kumpa maji kidogo mpaka matunda yote yaive.

Mbegu ziweke kwenye karatasi iliyokunjwa, karatasi ndani ya chupa kavu, chupa kwenye friji. Andika jina la spishi, tarehe ya kuvuna, na mmea mama. Usizisubirishe zote: panda nusu wiki hiyohiyo, nusu iliyobaki mwaka unaofuata, ili mmoja akichanua mwingine awe bado anasukuma jani.